Ufa wa Mlangoni Husomwa Kabla ya Kuzibwa

Hapana mwanafunzi aliyepitia shule ya msingi nchini humu asiyeijua methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ameikariri, ameitungia insha, na yamkini amewahi kuulizwa mtihanini aeleze maana yake ya juu na maana yake ya ndani. Maana ya ndani huwa haimtatizi. Ataandika kwamba tatizo dogo lisiposhughulikiwa mapema huzaa tatizo kubwa, naye atapewa alama zake zote. Ni maana ya juu ambayo aghalabu huvukwa kwa sentensi moja, kana kwamba ufa, ukuta na kuziba ni mambo yanayojieleza yenyewe.

Mimi nashikilia kwamba hayajielezi. Tumeichukua methali hii kuwa wito wa haraka: ukiona ufa, koroga saruji, ziba, paka rangi, usahau. Nia yangu katika makala haya ni kuonyesha kwamba ufa, hasa ule unaochipuka katika pembe ya mlango, ni habari iliyoandikwa ukutani. Anayeifuta habari hiyo kabla ya kuisoma hajaziba kitu; amejificha tu kwa muda kutokana na jambo ambalo litarudi.

Niruhusu, ndugu msomaji, nianze mahali ambapo kazi yangu hunilazimu kuanzia kila siku, yaani katika maneno. Neno ufa limo katika ngeli ya U-ZI, na wingi wake ni nyufa. Shina likiwa la silabi moja, kama ilivyo katika ufa, uso na uzi, ile u ya mwanzo haidondoki katika wingi bali hutanguliwa na ny, tukapata nyufa, nyuso na nyuzi. Katika ukuta, ambako shina ni refu zaidi, u hudondoka tukabaki na kuta. Sarufi hiyo tunaifunza vyema. Tunachokisahau ni msamiati wa mlango wenyewe. Kizingiti cha chini ni kile tunachokivuka tuingiapo chumbani, na kizingiti cha juu ni kile kipande cha fremu kinacholala juu ya vichwa vyetu. Miimo ni zile mbao mbili zilizosimama wima kando kando. Bawaba ndizo zinazouwezesha ubao wa mlango kuzunguka. Juu ya fremu, ndani ya ukuta, hulazwa boriti ya zege lililotiwa vyuma ambayo mafundi wetu huiita linta.

Neno kizingiti limehama. Katika magazeti na hotuba, kizingiti siku hizi ni kikwazo: tunasoma juu ya vizingiti vya maendeleo na vizingiti vya amani. Si kosa, maana lugha iliyo hai huhamisha maneno kutoka nyumbani hadi barazani. Hata hivyo, niliwahi kuwaomba wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanionyeshe kizingiti cha ukumbi tuliokuwa tumeketi ndani yake, nao wakatazamana. Walikuwa na sitiari, lakini kitu chenyewe hawakuwa nacho. Na mtu asiyeweza kukitaja kitu ni vigumu kukiripoti kinapoharibika. Atasema tu kwamba "ukuta una shida", na aliyeambiwa atatikisa kichwa na kwenda zake.

Kwa nini basi nyufa hupenda milango? Ukuta usio na tundu hubeba mzigo wake kwa njia iliyonyooka. Paa hulalia ukuta, jiwe la juu hulalia la chini, na mwendo huo huendelea hadi kwenye msingi, ambao huukabidhi mzigo kwa ardhi. Ukitoboa mlango katikati ya ukuta huo, uzito uliokuwa ukishuka pale hauna tena mahali pa kukanyaga. Hauna budi kugawanyika, nusu ipite kushoto na nusu kulia, na njia yake ya kupita ni kwenye pembe. Fauka ya hayo, pembe kali hukusanya mkazo. Mwalimu anaweza kulithibitisha jambo hili darasani kwa karatasi mbili: moja nzima, nyingine iliyotiwa mkato mdogo pembeni kwa mkasi. Akizivuta zote mbili, ile yenye mkato itachanika kwanza, na itachanikia pale pale penye ncha ya mkato. Ukuta nao hufanya vivyo hivyo. Ukivutwa na jambo lolote lile, huachia katika pembe ya mlango au ya dirisha, kisha ufa hupanda kimshazari kuelekea darini.

Wajenzi wa kale wa pwani yetu walilifahamu jambo hili vyema. Katika Mji Mkongwe wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2001, kuta za nyumba za mawe ni nene, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti hizo ndio ulioamua upana wa chumba, hata vyumba vikawa virefu na vyembamba. Mjenzi hakuruhusiwa na miti yake kujidai. Chokaa nayo ni laini kuliko saruji. Nyumba ikisogea kidogo, chokaa husogea nayo, na badala ya ufa mmoja mpana hutokea nyufa nyingi nyembamba zisizodhuru. Anayekuja leo kuukandika ukuta wa namna hiyo kwa saruji ngumu, kwa nia njema ya kuuimarisha, huufungia unyevu ndani, na baada ya muda saruji hiyo hutengana na ukuta ikabanduka. Fundisho lililopo ni kwamba dawa lazima ilingane na mwili wa mgonjwa.

Tukirejea katika nyumba za sasa, za mawe ya kuchonga au matofali ya saruji, tunaweza kuzigawa nyufa za mlangoni katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni la nyufa za kukauka. Plasta ikikauka hunywea, na ikinywea hupasuka vijistari vyembamba kama unywele ambavyo husambaa bila mwelekeo maalumu. Wengi hudhani kwamba kuongeza saruji ni kuongeza nguvu. Katika plasta mambo ni kinyume: saruji ikizidi, plasta hunywea zaidi na kupasuka zaidi, hasa ikiachwa juani bila kunyunyiziwa maji siku zake za mwanzo. Mbao nazo hunywea. Ubao hupungua sana kwa upana wake na kidogo mno kwa urefu wake. Kwa hiyo fremu iliyotengenezwa kwa mbao mbichi huacha mwanya ulionyooka kati ya mwimo na plasta, toka juu hadi chini. Mwanya huo huudhi macho lakini hauiangushi nyumba.

Kundi la pili ni la kuta nyepesi za ndani zinazotengenezwa kwa vibao vya jipsamu vilivyopigiliwa juu ya fremu ya mbao au chuma. Kuta hizi sasa hutumiwa sana maofisini na katika nyumba za miji yetu kugawa vyumba. Hazibebi paa, kwa hiyo ufa wake mara nyingi ni ufa wa kiungo. Vibao viwili vikikutana sawasawa na pembe ya mlango, kila mlango unapobamizwa kiungo hicho hutikisika, hadi kinafunguka. Fundi mwerevu hakiweki kiungo katika pembe. Hukata kibao kimoja kwa umbo la herufi L kikaizunguka pembe yote, na viungo vikaangukia mbali na pale penye mkazo.

Kundi la tatu ni la linta. Linta haina budi kuegemea ukuta vya kutosha pande zote mbili za mlango, si chini ya sentimita 15 kila upande. Ikiwa fupi, au ikiwa vyuma vyake ni haba, hulemewa ikapinda. Dalili zake ni ufa wa kulala juu kidogo ya mlango, au nyufa mbili zinazopanda kutoka pembe zote mbili zikielekeana, na ubao wa mlango unaokwaruza kizingiti cha juu katikati yake. Wapo wajenzi ambao, ili kupunguza gharama, huacha linta kabisa wakaitegemea fremu ibebe mawe. Fremu haikutengenezwa kubeba ukuta. Ilitengenezwa kushika mlango.

Kundi la nne ndilo zito kuliko yote, nalo chanzo chake kimo ardhini. Tambarare za Athi River na Kitengela, sehemu za mashariki mwa Nairobi, mashamba ya Mwea na nyanda za Kano zina udongo mweusi unaonata. Udongo huu wa mfinyanzi hunyonya maji ukafura, na kiangazi kikija hunywea ukaatuka mipasuko ambayo mtu anaweza kutumbukiza mkono. Nyumba iliyosimama juu yake bila ya msingi uliopita tabaka hilo hupanda na kushuka kwa majira. Tabu zaidi ni kwamba haipandi wala haishuki sawasawa. Udongo ulio chini ya katikati ya nyumba umefunikwa, kwa hiyo unyevu wake haubadiliki sana. Ule wa kandoni hulowa na kukauka. Pembe moja ya nyumba huinuliwa ilhali nyingine inadidimia, na ukuta uliovutwa hivyo huachia mlangoni.

Ufa wa kundi hili una tabia zake. Hupanda kimshazari, mara nyingi kwa ngazi ukifuata viungo vya mawe. Huonekana ndani na nje ya ukuta mahali pale pale. Mlango nao huanza kukwama katika pembe moja, na mwanya ulio juu yake, uliokuwa sawa, huwa mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Ikiwa ufa ni mpana juu na mwembamba chini, yamkini upande mmoja wa nyumba unazama. Ikiwa ni mpana chini na mwembamba juu, yamkini sehemu ya katikati ndiyo inayodidimia. Tusichanganye hali hii na ile ya ubao wa mlango unaofura wakati wa masika kwa sababu ya unyevu wa hewa. Mlango uliofura hukwaruza ukingo mzima, ukuta unaouzunguka hauna ufa, na kiangazi huurejesha katika hali yake.

Nasema haya kwa kuwa ninaishi katika tambarare hizo hizo. Miaka michache iliyopita, mlango wa jikoni kwangu ulipata ufa wa mshazari wakati wa mvua ya masika. Nilimwita fundi mwashi mmoja, mzee mtulivu aliyejenga nyumba nyingi mtaani mwetu.

"Fundi, huu utauziba lini?" nilimwuliza.

"Mwalimu, leo siuzibi," akajibu. "Nionyeshe kwanza maji ya paa yanaanguka wapi."

Tulizunguka nyumba. Mfereji wa paa ulikuwa umeachana na bomba lake, na maji ya mvua nzima yalikuwa yakimwagika karibu na pembe ya jikoni, hata yakawa yamechimba shimo kando ya msingi. Siku hiyo hakugusa ufa. Alirekebisha mfereji, akaelekeza maji mbali na ukuta, akajaza shimo na kulishindilia, kisha akaomba penseli. Alichora kistari mwisho wa ufa, akaandika tarehe ukutani, akapima upana: milimita 3.

"Ukitembea, utaniita," alisema. "Ukikaa, nitakuja tuuzibe baada ya vuli."

Haukutembea. Vuli ilipokwisha alikuja na patasi, akauchimba mpana zaidi badala ya kuupaka kwa juu, na nilipomwuliza sababu alinijibu kwamba ufa uliopakwa kwa juu umevikwa nguo tu, mwili wake bado uko wazi. Sijawahi kusikia ufafanuzi bora zaidi wa neno kuziba.

Aliyoyafanya mzee yule ndiyo yanayopendekezwa na wahandisi, na yeyote mwenye penseli na rula anaweza kuyafanya. Andika tarehe kwenye ncha mbili za ufa. Chora alama mbili, moja kila upande wa ufa, upime umbali kati yake mara moja kwa mwezi. Endelea hadi masika, kiangazi na vuli vipite, maana kipimo cha msimu mmoja hakitoshi kutofautisha ufa unaopumua na majira na ufa unaokua. Weka kumbukumbu hizo katika daftari. Ufa uliosimama ni kovu. Ufa unaotembea ni kidonda.

Upana nao una lugha yake. Taasisi ya utafiti wa majengo ya Uingereza, ijulikanayo kwa herufi BRE, iliwapa wahandisi vipimo ambavyo hutumiwa katika nchi nyingi kupima uharibifu wa kuta za nyumba fupi. Ufa usiozidi milimita 1 hutibiwa wakati wa kupaka rangi. Kadi ya benki ina unene wa karibu robo tatu ya milimita; ikikataa kuingia, huna sababu ya kukosa usingizi kwa ajili ya upana huo. Hadi milimita 5, ufa hujazwa, na milango huenda ikakwama kidogo. Kati ya milimita 5 na 15, ukuta huhitaji kufunguliwa na mwashi, milango hukwama, na mabomba huenda yakavunjika. Kati ya milimita 15 na 25, sehemu za ukuta hubomolewa na kujengwa upya, hususan zilizo juu ya milango na madirisha. Ukizidi milimita 25, nyumba yenyewe imo hatarini.

Mwalimu wa Kiswahili aitazame tena orodha hiyo. Kumbe methali yetu haikutia chumvi. Kuna upana ambao mtu huziba ufa, na kuna upana ambao hujenga ukuta, na wahandisi wamekiweka kiwango hicho kwa milimita. Hata hivyo, upana si kila kitu. Ufa wa milimita 4 unaoongezeka kila mwezi ni wa kutisha kuliko wa milimita 6 ambao haujasogea kwa miaka 10.

Baada ya kusoma ndipo huja kuziba, na kila kundi lina uzibaji wake. Vijistari vya plasta hujazwa kwa chokaa ya kujazia inayouzwa madukani, vikapigwa msasa, vikapakwa rangi. Mwanya kati ya mwimo na plasta haufai kutiwa saruji, kwa kuwa mbao zitaendelea kufura na kunywea na saruji itaachia tena. Hapo hutiwa gundi laini ya kuzibia, ile inayonyumbuka ikikauka na kukubali rangi, au mwanya hufunikwa kwa utepe wa mbao unaopigiliwa kuuzunguka mlango. Kiungo cha jipsamu hukwanguliwa, skrubu zikakazwa, kikabandikwa utepe wa karatasi au wa wavu, kisha kikapakwa tabaka tatu za chokaa ya jipsamu, kila tabaka likiwa pana kuliko lililotangulia na likiachwa likauke kabisa. Ufa wa ukuta wa mawe uliokwisha kusimama huchimbwa kwa patasi, vumbi likapigwa brashi, ukaloweshwa, ukajazwa kwa mchanganyiko usio mgumu kuliko ukuta wenyewe. Linta fupi haina dawa ya mwiko: hubadilishwa, na kabla ya kuondolewa ukuta ulio juu yake huwekewa mihimili na fundi anayeijua kazi hiyo. Na ufa wa ardhi hutibiwa ardhini kwanza. Maji ya paa huelekezwa mbali, bomba linalovuja hurekebishwa, na mti wenye kiu kama mkaratusi hauotwi karibu na ukuta. Ikiwa bado unatembea, mwite mhandisi.

Kuna wanaosema kwamba ninakuza jambo dogo, kwamba kila nyumba ina ufa na watu wanaishi. Nusu ya kauli hiyo ni kweli, na kwa ajili ya nusu hiyo nimeeleza kwa urefu nyufa zisizodhuru. Sipendi mtu auze kiwanja chake kwa sababu ya vijistari vya plasta. Lakini nusu ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi. Katika majumba ya kukodisha, rangi mpya hupakwa baina ya mpangaji anayetoka na anayeingia, na pamoja na uchafu hufutwa pia ushahidi. Mpangaji mpya huingia akidhani ufa unaojitokeza mwezi wa tatu ni mchanga, ilhali una umri wa miaka mingi. Akilalamika huambiwa kwamba aliyekuwamo kabla yake hakusema kitu. Laiti aliyetangulia angekuwa ameacha tarehe ukutani!

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, katika kipindi cha mvua kubwa, jumba la ghorofa sita liliporomoka mtaani Huruma, Nairobi, likawaua watu wapatao 50. Maafisa walisema baadaye kwamba lilikuwa limekwisha kutiwa alama ya kubomolewa. Sisemi kwamba ufa wa mlango uliliangusha jumba lile; majumba ya ghorofa huanguka kwa udhaifu wa nguzo, mihimili na misingi, na anayeona ufa katika nguzo ya ghorofa asingoje penseli wala kiangazi, bali atoke na kuita wakaguzi. Ninalolisema ni kwamba alama ilikuwako na watu waliendelea kulala chini yake. Tumezoea kuishi na maandishi ya ukutani tusiyoyasoma, au tuliyoyasoma tukanyamaza. Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi mwaka 2011, na kaunti zina maafisa wa majengo. Lakini afisa hawezi kulala katika kila chumba. Macho ya kwanza ni ya anayeufungua mlango kila asubuhi.

Ndiyo maana nawaelekea walimu. Shule zetu zina mabweni, madarasa na maktaba, na nyingi zimejengwa kwa awamu, chumba kikiunganishwa na chumba kila fedha zilipopatikana. Pale jengo jipya linapoungana na la zamani, misingi miwili yenye umri tofauti hushuka kwa kasi tofauti, na milango iliyo karibu na kiungo hicho ndiyo hupasuka kwanza. Mtaala wetu wa sasa unasisitiza umilisi, yaani mwanafunzi aweze kutenda alichojifunza. Hapa pana somo lisilohitaji kitabu wala kifaa cha bei. Wanafunzi wapewe daftari moja, rula na penseli. Wahesabu milango yote ya shule, wachore kila ufa, wauite kwa jina lake, waandike tarehe, wapime upana, na mwezi ujao warudi. Hisabati imo humo, fizikia imo, jiografia ya udongo na mvua imo, na Kiswahili kimo, kwa maana ripoti itakayomfikia mwalimu mkuu haitasema tena kwamba ukuta una shida. Itasema kwamba juu ya mwimo wa kushoto wa mlango wa bweni la pili kuna ufa wa mshazari, mpana juu, uliokuwa milimita 2 mwezi wa Februari na sasa ni milimita 5. Ripoti ya namna hiyo haifutiki kwa ndoo ya rangi. Inamlazimu mkuu wa shule aite mhandisi, na inaipa bodi ya shule sababu ya kutenga fedha kabla ya msiba.

Methali zetu ziliachwa na watu waliojenga nyumba kwa mikono yao, ambao walijua ufa ni nini kabla ya kuufanya sitiari. Sisi tumerithi sitiari tukaiacha nyumba. Mtoto atakayepima ufa wa mlango wa darasa lake kwa mwaka mzima hatahitaji kukaririshwa maana ya juu ya methali hiyo, na huenda akawaokoa wenzake thelathini wanaolala nyuma ya mlango mwingine.